Taji la kuchorwa: Binti mfalme wa Kibera na Kawangware ni wa nani?

KATIKA vichochoro vya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, hakuna haja ya kwenda makumbusho ili kuiona picha ya binti mfalme. Iko kwenye ukuta wa shule ya chekechea, kando ya herufi za alfabeti na tembo wa rangi ya samawati. Iko kwenye bango la saluni, ambako msichana mwenye nywele ndefu zilizolala amevishwa taji la manjano. Iko pia kwenye mikoba ya shule inayouzwa sokoni na kwenye keki za siku ya kuzaliwa.

Mara nyingi msichana huyo wa ukutani ni mweupe. Mtoto anayepita chini yake kila asubuhi si mweupe, na nywele zake hazilali vile. Hata hivyo, mtoto huyo hujifunza mapema kwamba huyo aliye juu ndiye mzuri, na kwamba uzuri unakaa mahali pengine.

Wasanii wa sehemu mbalimbali za dunia wameanza kuijibu picha hiyo kwa picha. Mwaka 2020, Kahran na Regis Bethencourt, wapiga picha wa Atlanta nchini Marekani, walitoa mfululizo wa picha za wasichana weusi waliovaa kama mabinti wa kifalme wa hadithi za kale. Wachoraji nao, katika bara hili na ng'ambo, wamekuwa wakimkalisha mtoto mweusi kwenye kiti kilichokuwa cha watoto wa wafalme wa Ulaya, wakimvisha hariri na dhahabu.

Ni jambo la kupendeza. Lakini linapofika Kibera na Kawangware linazua swali ambalo halijibiwi na uzuri wa rangi peke yake: taji hilo amechorewa mtoto, au amechorewa mtazamaji?

Swali hili lina uzito kwa sababu ni watoto wachache duniani ambao sura zao zimechukuliwa mara nyingi kama watoto wa Kibera. Kwa miaka mingi, kamera za wageni zimeingia mtaani humo kutafuta taswira ya aina moja: mtoto aliye pekupeku, mtaro wa maji machafu, paa za mabati zenye kutu. Taswira hiyo ilikwenda sambamba na takwimu zilizotiwa chumvi. Ilikuwa kawaida kusikia kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, hadi sensa ya 2009 ilipoonyesha kuwa wakazi wake walikuwa takriban 170,000.

Picha na takwimu zilifanya kazi moja, ya kuukuza ufukara ili uonekane kutoka mbali. Msichana wa Kibera akawa mfano wa tatizo kabla ya kuwa mtu mwenye jina.

Kwa hiyo, anapotokea msanii akasema atamchora msichana huyohuyo kama binti mfalme, wengi hupumua. Mwishowe, wanasema, heshima imefika. Ila heshima ya picha ina hila zake, kama lilivyodhihirisha tukio la miaka michache iliyopita.

Mwaka 2018, picha za Fredrik Lerneryd, mpiga picha kutoka Uswidi, zilishinda tuzo katika mashindano ya kimataifa ya upigaji picha ya Sony. Zilionyesha watoto wa Kibera wakijifunza densi ya baleti ndani ya darasa la kawaida, wamevaa mavazi ya wachezaji, mikono juu, shingo zimenyooka. Zilikuwa picha nzuri, na mafunzo yale yalikuwa ya kweli. Watoto wale walikuwa wakifanya kazi ngumu na kuifurahia, na hakuna aliyewasingizia.

Lakini picha za namna hiyo zinapozunguka duniani, mvuto wake hutokana na mgongano wa vitu viwili, yaani vazi la jumba la kifalme na sakafu ya mtaa wa mabanda. Ukiondoa sakafu, watazamaji wengi wa ng'ambo watageuza ukurasa. Mtaa ambao picha ilidhaniwa kuushinda ndio unaoifanya picha iuzike. Mtego huohuo unamngoja mchoraji anayemvisha taji msichana wa Kawangware na kumwekea mabati nyuma yake.

KAZI YA PICHA YA BINTI MFALME

Kabla ya kuamua kama taji linamfaa mtoto, ni vyema kukumbuka picha za mabinti wa kifalme zilichorwa kwa kazi gani. Maarufu kuliko zote ni ile aliyoichora Diego Velázquez mwaka 1656, ambayo sasa iko Madrid, Uhispania. Katikati yake amesimama mtoto wa miaka mitano, Margarita Teresa, binti wa Mfalme Felipe wa Nne, amezungukwa na wahudumu wake.

Mchoraji huyo alimchora Margarita mara kadhaa alipokuwa akikua, na baadhi ya picha hizo zilipelekwa Vienna. Huko alikuwako Leopold, ndugu wa mama yake, ambaye alikuwa ameahidiwa kumwoa. Picha zilimwonyesha mwanamume huyo jinsi mchumba wake alivyokuwa akikua. Margarita aliolewa mwaka 1666 akiwa na miaka 15. Alishika mimba mara kadhaa, akafariki mwaka 1673 akiwa na umri wa miaka 21.

Gauni lile pana ambalo leo linaigwa kwenye keki na mabango lilikuwa, kwa maneno mengine, kanga ya kufungia zawadi. Binti yule alichorwa vizuri mno, lakini hakuna aliyemuuliza neno. Picha ilikuwa barua baina ya wanaume wawili, na yeye ndiye aliyekuwa ndani ya bahasha.

Miaka 200 baada ya ndoa hiyo, mwaka 1866, binti mwingine wa mfalme alikata shauri tofauti. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Katika utoto wake, wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Baadaye aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Kitabu hicho kina dosari kubwa, ikiwemo kuutetea utumwa ambao ndio uliolisha jumba alimokulia. Hata hivyo, ni ushuhuda wa binti mfalme wa Afrika Mashariki aliyejieleza kwa kalamu yake mwenyewe. Wapo waliompiga picha akiwa na mapambo yake ya Kizanzibari, lakini zaidi ya mapambo hayo, kinachomfanya azungumziwe hadi leo ni yale aliyoyaandika.

Kati ya Margarita na Salme ndipo linapokaa swali la Kibera na Kawangware. Wote wawili walizaliwa na taji. Mmoja alichorwa na kupelekwa. Mwingine alishika kalamu. Mchoraji anayemwita mtoto wa mtaani binti mfalme hana budi kueleza ni yupi kati ya hao wawili anayemkusudia.

Lugha yenyewe inatoa tahadhari. Kwa Kiswahili, binti mfalme ni cheo cha kupewa kwa sababu ya baba. Jina lake haliwezi kutamkwa bila kumtaja mfalme. Pwani kulikuwa na neno jingine, Mwana, lililotangulia majina ya wanawake wa heshima, kama Mwana Mkisi anayetajwa katika mapokeo ya Mombasa kuwa malkia wa mji huo wa kale. Huyo alikuwa na cheo kilichosimama kwa miguu yake.

Nairobi nayo ina kumbukumbu yake. Februari 1952, binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa Kenya na kulala katika hoteli ya Treetops kule Nyeri usiku ambao baba yake alifariki, akawa malkia. Barabara kuu ya mji iliitwa kwa jina la cheo chake, Princess Elizabeth. Baada ya kupatikana kwa uhuru, barabara hiyo ikapewa jina la Uhuru Highway. Taifa lililofuta jina la binti mfalme barabarani na kuandika Uhuru halikufanya hivyo ili taji lirudi kupitia ukuta wa chekechea.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuipuuza haja inayowasukuma wachoraji. Kampuni ya Disney ilitoa filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni kuhusu binti mfalme mwaka 1937, na binti mfalme wake wa kwanza mweusi, Tiana, alionekana mwaka 2009. Hiyo ni miaka 72. Bibi, mama na mjukuu wangeweza kupita katika utoto wao wote bila kumwona aliyefanana nao.

Madhara ya pengo hilo si ya kubuni. Katika miaka ya 1940 nchini Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wanasesere weupe na weusi wachague, na wengi wakachagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Matokeo hayo yalitajwa katika kesi ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Hapa kwetu, mwigizaji Lupita Nyong'o aliliandikia tatizo hilohilo kitabu cha watoto mwaka 2019. Alikiita Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota, na mhusika wake ni msichana anayetamani ngozi yake ing'ae zaidi.

Mwaka 2018 mtoto wa miaka miwili alipigwa picha mjini Washington akiwa amesimama mdomo wazi mbele ya mchoro wa Michelle Obama, kazi ya msanii Amy Sherald. Mtoto huyo mweusi aliamini kwamba mwanamke aliyemwona ni malkia. Inafaa kuzingatia kuwa mchoraji hakumwekea Bi Obama taji wala kiti cha enzi. Alimchora ameketi, kidevu mkononi, katika gauni refu, akimtazama mtazamaji usoni. Umalkia mtoto aliuona mwenyewe.

Hapo pana funzo kwa wasanii wa Nairobi. Patrick Mukabi alijijengea jina kwa kuwachora akina mama wa sokoni, wakubwa wa miili, wakiwa na vikapu na kanga zao, wakiijaza turubai kama walivyoijaza nafasi yao duniani. Hakuna anayewaangalia akawahurumia. Wala hawakuhitaji kuazimwa mavazi ya Madrid. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kibera haina uhaba wa mavazi yake ya fahari. Jina la mtaa lenyewe limetokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu, kwa kuwa askari Wanubi wa jeshi la mkoloni ndio walioweka makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Wanubi walisubiri hadi mwaka 2017 kupewa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi hiyo. Wanawake wao bado huvaa gurbaba katika sherehe, nguo ya rangi kali inayozungushwa mwilini. Msichana akichorwa ndani ya gurbaba ya bibi yake, mchoro huo utakuwa na historia ambayo taji la plastiki haliwezi kuibeba.

NANI ANAUZA, NANI ANABAKI

Jambo la pili la kuzingatia ni safari ya picha baada ya rangi kukauka. Kawangware imepakana na Lavington. Mtu anayeshuka kituo cha 46 anaweza kufika kwa miguu katika mtaa wa nyumba zenye bustani na walinzi. Katika mtaa huo wa Lavington, kando ya barabara ya James Gichuru, Circle Art Gallery imekuwa ikiuza kazi za wachoraji wa kanda hii, na minada yake iliyoanza mwaka 2013 imesaidia kuzipa kazi hizo bei ya haki. Hilo ni jema kwa wasanii.

Sheria nayo imepiga hatua. Mabadiliko ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yalimtambulia mchoraji haki ya kupata sehemu ya fedha pale kazi yake inapouzwa tena. Mtoto aliyekaa kwenye kigoda saa tatu akichorwa hana fungu katika hesabu hiyo. Thamani ikipanda, ya mchoraji inapanda, na ya mwenye jumba la sanaa inapanda. Msichana anabaki Gatina au Makina na sura yake imeshasafiri.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yapewe umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kusambaza picha za watoto bila idhini hiyo. Sheria hiyo inaipa sanaa nafasi pana zaidi, na inafaa iwe hivyo. Lakini nafasi aliyopewa msanii haimzuii kuuliza. Ruhusa ya mama, nakala ya picha kubaki nyumbani, na makubaliano ya wazi kuhusu fedha ni mambo yasiyohitaji kushurutishwa na mahakama.

Kuna mifano ya kazi zilizoacha kitu mtaani. Msanii Mfaransa JR alipofika Kibera mwaka 2009, alibandika picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo juu ya mapaa, zikichukua eneo la takriban mita 2,000 za mraba. Alizichapisha kwenye plastiki isiyopitisha maji. Dunia ilipata picha ya kutazama kutoka angani, na mwenye nyumba akapata paa lisilovuja.

Wenyeji wamefanya makubwa zaidi bila helikopta. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao walikuwa wachoraji wa mabango, yaani watu wa kazi ileile inayowapa saluni mabinti wa kifalme wa ukutani. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Solomon Muyundo, maarufu kwa jina la Solo 7, aliandika maneno ya kuhimiza amani kwenye kuta na mageti ya mtaa huo. Maneno yake yaliwalenga majirani zake, katika siku ambazo soko la Toi lilikuwa limeteketezwa.

Mtu wa mabango anajua jambo ambalo mgeni hulisahau: ukuta unasomwa na wanaoishi kando yake. Fundi huyohuyo akiombwa na mwalimu wa chekechea achore binti mfalme, anaweza kumchora mwenye nywele za kusuka na ngozi ya mtoto anayeketi dawati la mbele. Gharama ya rangi ni ileile.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Hadithi ya binti mfalme kwa kawaida huishia kwenye harusi. Msichana huteseka, huvishwa gauni, huonwa na mwana wa mfalme, na kitabu hufungwa. Katika nchi ambako utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 15 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, kumfundisha mtoto kwamba thawabu ya uzuri ni kuonwa na mwanamume si mchezo usio na madhara. Margarita alionwa, na yaliyompata yameshaelezwa.

Binti anayestahili jina hilo ana mahitaji ambayo mchoraji hawezi kuyatimiza kwa brashi. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Ahadi kama hiyo ikitekelezwa kila mwezi, bila kukatika, inamweka msichana darasani. Picha inaweza kumkumbusha thamani yake, lakini haiwezi kushika nafasi ya ahadi hiyo, na wala isitumiwe kuifunika.

Haya yote hayamaanishi kwamba mabinti wa kifalme wafutwe kwenye kuta za Kibera na Kawangware. Mtoto ana haki ya kuota, na ndoto haina sababu ya kufuata ramani ya mtaa. Kinachodaiwa ni kwamba ndoto iwe yake. Aulizwe anataka kuvaa nini, akae wapi, nyuma yake pachorwe nini. Wapo watakaoomba taji. Wapo watakaoomba koti la daktari, au jezi ya Harambee Starlets, au waombe wachorwe na mama zao pale wanapouza mboga.

Bora zaidi ni pale mtoto anapopewa brashi yenyewe. Shirika la Uweza limekuwa likiwafundisha watoto na vijana wa Kibera uchoraji, na vikundi vya wasanii wa mtaa huo vimewafungulia milango watoto wa majirani. Msichana aliyejichora mwenyewe, hata kama pua imekwenda upande na taji limeelea juu ya kichwa, ameshafanya kile alichokifanya Salme kwa mfupa wa ngamia.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Picha ya binti wa Kibera au Kawangware ibaki kwanza ukutani kwao, ambako wanaolijua jina lake wanaweza kuliita. Watakaoitaka Lavington, London au New York waifuate huko, wabishe hodi, na wamwombe mwenyewe.